Mwanasheria aliyeingia siasa: maswali yenu juu ya njia ya Asha-Rose Migiro

Toleo lililopita tulitaja kwa mistari miwili kwamba Dk. Asha-Rose Migiro ndiye mwanamke wa kwanza kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Tanzania. Mistari miwili hiyo imetuletea barua za Unguja na Pemba kuliko makala nzima ya karafuu. Tumechagua maswali saba, na yaliyofanana tumeyaunganisha.

Skulini kwetu tulikuwa na mdahalo. Nilisema Migiro ndiye mwanamke wa kwanza kuwa Waziri wa Sheria. Upande wa pili wakanicheka, na mwalimu akawapa wao alama. Nani mkweli?
*Mwanafunzi wa kidato cha sita, Chake Chake*

Mwalimu wako hakukuonea, mwanangu. Waziri wa Sheria wa kwanza mwanamke ni Julie Manning, aliyeteuliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1975. Mwaka huohuo Tabitha Siwale naye alipewa wizara, na hao wawili ndio wanawake wa kwanza kukaa katika Baraza la Mawaziri la Muungano wakiwa mawaziri kamili. Manning alikuwa katika kundi la mwanzo la wanafunzi wa sheria Dar es Salaam, pale chuo kilipofunguliwa Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, nacho ni cha sheria.

Migiro alifika Wizara ya Katiba na Sheria Januari 2014, karibu miaka 40 baadaye. Alikotangulia wanawake wote ni Mambo ya Nje, Januari 2006. Tena Agosti 2025 aliteuliwa kuwa Katibu Mkuu wa CCM, nafasi ambayo hakuna mwanamke aliyewahi kuishika kabla yake.

Mkirudia mdahalo, nenda na hizi. Amezaliwa Songea tarehe 9 Julai 1956. Skuli ya msingi aliianzia Mnazi Mmoja, lakini ile ya Dar es Salaam, usije ukaichanganya na Mnazi Mmoja yetu. Baadaye Korogwe na Weruweru. Shahada ya kwanza ya sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 1980. Ya pili hapohapo, 1984. Ya uzamivu Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, 1992. Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia na Watoto kuanzia 2000. Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia Februari 2007 hadi katikati ya 2012. Balozi wa Tanzania Uingereza, aliyeteuliwa 2016.

Nimesoma kwamba huyu mama hakuingia Bungeni kwa kura za jimbo. Sasa uwaziri aliupata wapi? Si ndiyo kubebwa huko?
*Mzee wa Makunduchi*

Mzee wetu, shikamoo. Ni kweli hakupita jimboni. Mwaka 2000 aliingia kwa viti maalum vya wanawake, na mwishoni mwa 2013 akarudi Bungeni kwa uteuzi wa Rais. Katiba ya Muungano, ibara ya 55, inataka waziri awe mbunge. Haisemi awe mbunge wa aina gani.

Aina zenyewe ziko katika ibara ya 66. Wapo wa majimbo. Wapo wanawake wa viti maalum, ambao hawapungui asilimia 30. Wapo watano wanaochaguliwa na Baraza letu la Wawakilishi kutoka miongoni mwa wajumbe wake, na angalau wawili kati yao ni wanawake. Wapo wanaoteuliwa na Rais, wasiozidi kumi. Na yupo Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Spika naye huhesabika akiwa ametoka nje ya Bunge.

Viti maalum havigawiwi kama sadaka. Chama hupeleka Tume ya Uchaguzi orodha ya majina yaliyopangwa kwa namba. Kura za wabunge zikishahesabiwa, kila chama kilichopata angalau asilimia 5 ya kura halali za nchi nzima hupewa viti kulingana na kura zake, na majina hushuka kutoka juu ya orodha. Kwa hiyo vita vyenyewe hupiganwa kabla ya uchaguzi, ndani ya chama, kugombea namba. Kwa CCM uwanja huo ni wa Umoja wa Wanawake, UWT. Aliye namba nzuri hulala usingizi siku ya kuhesabu kura. Aliye namba ya chini anaweza kungoja miaka mitano, kwani kiti cha aina hii kikiwa wazi hakuna uchaguzi mdogo; huchukuliwa jina jingine la chama hichohicho. Na akifukuzwa uanachama, kiti kimekwenda.

Neno lako la kubebwa hatulikatai lote. Kuingia mara ya kwanza kwa njia hii ni kubebwa na chama, ndivyo njia ilivyotengenezwa, kwa sababu majimboni wanawake walikuwa hawapiti. Ila uwaziri haubebeki miaka mitano mfululizo kwa mgongo wa mtu mwingine. Hasara ya viti maalum iko kwengine, na wengi hawaijui: vina dari. Ibara ya 51 inasema Waziri Mkuu lazima awe mbunge wa kuchaguliwa kutoka jimbo la uchaguzi. Mbunge wa viti maalum, hata angekuwa na shahada kumi, kiti hicho hakigusi.

Ndiyo maana wajanja huvitumia viti hivyo kama ngazi na si kama kitanda. Mfano uko hapohapo kwenu, Mzee. Samia Suluhu Hassan aliingia Baraza la Wawakilishi mwaka 2000 kwa viti maalum, akarudi 2005 vivyo hivyo, halafu 2010 akasimama jimbo la Makunduchi kwa ubunge wa Muungano na akashinda. Miaka mitano baadaye alikuwa Makamu wa Rais, na tarehe 19 Machi 2021 akaapishwa kuwa Rais.

Kwa upande wa Chukwani, liliko Baraza la Wawakilishi, Katiba ya Zanzibar ilipandisha viti vya wanawake kutoka asilimia 30 hadi 40 ya majimbo katika mabadiliko ya 2010. Majimbo yakiwa 50, hivyo ni viti 20.

Binti yangu yuko kidato cha tatu, anapenda sheria na anasema atakuwa kama Dk. Migiro. Mimi nakaanga mihogo gatini, wakili simjui hata mmoja. Nianzie wapi?
*Mama wa Mkoani, Pemba*

Mama, anza na jina lake. Usishangae. Toa cheti chake cha kuzaliwa ukiweke mezani pamoja na ripoti ya skuli na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi cha baba yake. Cheti kimeandikwa Moh'd, skuli wameandika Mohamed. Au cheti kina majina matatu na skuli wamechukua mawili. Kosa hilo halimuumi mtu mpaka afike kwenye mkopo wa chuo au kwenye maombi ya uwakili, na hapo ndipo anapoambiwa vyeti hivi ni vya watu wawili. Sasa bado ni rahisi: mrekebishe skuli kabla majina hayajapelekwa Baraza la Mitihani la Taifa kwa mtihani wa kidato cha nne. Kama kosa liko kwenye cheti cha kuzaliwa, nenda ofisi ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Baada ya mtihani itabidi hati ya kiapo ya jina, na kila mahali atakapokwenda atakuwa anaibeba.

La pili ni masomo. Kidato cha tano tahasusi ya HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, au HGL, ambapo Jiografia inashika nafasi ya Kiswahili, zote humfikisha. Sheria haina mlango wa peke yake, na wapo waliotoka hata kwenye sayansi. Lakini Kiingereza asikikimbie. Vitabu vya sheria, hukumu za Mahkama ya Rufani na mitihani yake vimejaa Kiingereza cha kukaza. Mtoto wa Mkoani aliyesoma vizuri huanguka hapo, akili anayo, ila sentensi haimalizi. Dawa yake ni ya bure: akishika simu, afungue mtandao wa TanzLII au ZanzibarLII, asome hukumu moja fupi kwa wiki. Kwenye daftari aandike mistari minne tu: nini kilitokea, mahkama iliulizwa nini, ilijibu nini, kwa sababu gani. Akifika chuo miaka mitatu baadaye atakuwa ameshasoma hukumu zaidi ya mia, na wenzake ndiyo kwanza wanafungua.

La tatu, chuo na pesa. Sheria inasomeshwa Zanzibar University pale Tunguu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu Huria na kwengine. Shahada ni miaka mitatu au minne kutegemea chuo. Mkopo unaombwa Bodi ya Taifa, na sisi tuna bodi yetu pia, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar. Soma masharti ya mwaka huo, maana hubadilika. Fomu huhitaji saini ya serikali ya mtaa, ambayo kwetu ni sheha, saini ya kamishna wa viapo, na kitambulisho cha mdhamini. Kama mzazi mmoja amefariki, cheti cha kifo kiwepo. Watu wengi huzika, wakafanya khitma, na cheti wasikifuate mpaka siku fomu inapokitaka, na wakati huo zimebaki siku tatu dirisha lifungwe.

La nne ndilo wazazi wengi hawajaambiwa: shahada ya sheria haimfanyi mtu kuwa wakili. Bara, baada ya shahada kuna mafunzo ya vitendo katika Shule ya Sheria kwa Vitendo, Dar es Salaam. Mwaka 2022 matokeo yake yalizusha kelele nchi nzima: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani 342, na walioondolewa 265. Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Kila mtu ana sababu yake. Sisi tunaona kwamba kijana humaliza chuo akiijua sheria kwa kuikariri, na hajawahi kuandika hati hata moja ya mahkama kwa mkono wake.

Tuangalie hati ya kiapo, ambayo ni karatasi ya kila siku. Ni maelezo ya mtu anayeapa kwamba mambo fulani ni kweli. Kosa la kwanza ni kuweka hoja za kisheria ndani yake, au kuiomba mahkama kitu. Kiapo ni cha mambo yaliyotokea tu. Mahkama za Afrika Mashariki zimelisema hilo tangu kesi ya Matovu ya Uganda mwaka 1966. Kosa la pili ni kuandika jambo uliloambiwa bila kusema nani kakwambia. Kosa la tatu liko chini kabisa, kwenye mistari miwili mitatu ya mwisho ambapo kamishna wa viapo anathibitisha: hakuandika mahali, au tarehe, au kama anamjua mwapaji mwenyewe au ametambulishwa na mtu. Hati nzuri yenye kurasa sita hutupwa nje kwa tarehe iliyosahauliwa, na maombi yote yaliyobebwa nayo yanaanguka. Mteja hukuta kesi imekwisha kabla haijasikilizwa. Mtoto akijifunza kuwa mwangalifu na mistari mitatu hiyo, amejifunza nusu ya uwakili.

La tano, orodha ni mbili. Mahkama si jambo la Muungano isipokuwa ile ya Rufani, kwa hiyo Zanzibar ina orodha yake ya mawakili chini ya Mahkama Kuu ya Zanzibar, na Bara ina yake. Aliyeandikishwa Dar es Salaam hawezi kupanda boti asubuhi akasimama Mahkama Kuu ya Zanzibar mchana kama wakili wa mteja. Lazima aandikishwe na huku. Zanzibar tuna vakili pia, anayesimamia kesi katika mahkama za chini ya Mahkama Kuu. Binti yako akisikia mtu anaitwa vakili asidhani ni wakili aliyekosewa kuandikwa.

Siasa isubiri, Mama. Umri wa kugombea ubunge au uwakilishi ni miaka 21, lakini mwanasheria wa miaka 21 bado hana anachokijua.

Nasoma sheria mwaka wa tatu. Wenzangu wanasema ukisomesha chuo umepotea, pesa iko kwenye uwakili na jina liko kwenye siasa. Migiro alisomesha miaka mingi. Ilimsaidia nini?
*Mwanafunzi, Tunguu*

Alisomesha mpaka alipoingia serikalini mwaka 2000. Aliporudi kutoka Ujerumani aliongoza Idara ya Sheria ya Katiba na Utawala, 1992 hadi 1994, kisha Idara ya Sheria ya Madai na Jinai hadi 1997. Angalia miaka hiyo: ni ile ambayo nchi ilikuwa imetoka kwenye chama kimoja mwaka 1992 na inaelekea uchaguzi wa vyama vingi wa 1995. Aliyekuwa akisomesha sheria ya katiba wakati huo alikuwa anasomesha kitu kinachobadilika mikononi mwake.

Faida yake huioni jukwaani, unaiona kwenye muswada. Muswada husomwa mara ya kwanza, ukaenda kamati, ukasomwa mara ya pili na kujadiliwa, Bunge zima likakaa kama kamati na kupitia kifungu kwa kifungu, ukasomwa mara ya tatu, ndipo uende kwa Rais kutiwa saini. Pale kwenye kifungu kwa kifungu ndipo waziri asiyejua kusoma sheria anapoonewa. Mjumbe anasimama anaomba neno moja libadilishwe: badala ya "Waziri atateua" iwe "Waziri anaweza kuteua". Inasikika kama adabu ya lugha. Kumbe la kwanza ni wajibu na la pili ni hiari, na bodi nzima inaweza kukaa miaka bila mwenyekiti kwa sababu ya neno "anaweza". Waziri aliyesahihisha mitihani ya sheria miaka kumi na zaidi hulisikia neno hilo kabla ya mkurugenzi wake kumnong'oneza.

Naye si peke yake kupita njia hii. Dk. Tulia Ackson alikuwa mhadhiri wa sheria Dar es Salaam, akawa Naibu Mwanasheria Mkuu wa Serikali 2015, mwaka huohuo akateuliwa mbunge na kuwa Naibu Spika, akashinda jimbo la Mbeya Mjini 2020, akawa Spika Februari 2022, na Oktoba 2023 akachaguliwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani.

Lakini tusikudanganye. Wajumbe wa UWT hawapigi kura kwa kuangalia tasnifu. Msomi anayetegemea cheti chake bila kujulikana kwenye tawi lake hukuta jina lake halipo hata kwenye ukurasa wa pili wa orodha. Na kuna njia moja ya kazi ambayo ina kufuli: ukichagua uhakimu au ujaji, ibara ya 113A ya Katiba ya Muungano inakukataza kujiunga na chama chochote, umebakiwa na haki ya kupiga kura tu. Na asiye na chama hagombei. Hakimu anayetaka siasa lazima kwanza auache uhakimu, ajue na mshahara wake unaishia hapo. Chuoni hakuna kufuli hilo.

Mwaka 2014 mama yangu alikuwa na kesi ya matunzo Mahkama ya Kadhi, imekwama. Jirani akatwambia tumwandikie Waziri wa Katiba na Sheria, Migiro, kwa vile ni mwanamke atatuelewa. Hatukuandika. Tulikosea?
*Wete*

Hamkukosea. Barua ingefika kwa mtu asiye na mamlaka nayo. Mambo ya Muungano yameorodheshwa katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba, ni 22, na katika mahkama iliyomo ni Mahkama ya Rufani peke yake. Waziri wa Katiba na Sheria wa Muungano hana kauli juu ya Kadhi wa Wete. Na hata Mahkama ya Rufani yenyewe haiingii: shauri la sheria ya Kiislamu lililoanzia kwa Kadhi linaishia Mahkama Kuu ya Zanzibar.

Wakati ule Mahkama za Kadhi zilikuwa zinaendeshwa kwa sheria ya 1985. Tangu 2017 kuna mpya. Kesi ikikwama, kwanza mtu aende kwa karani na namba ya jalada, aulize tarehe iliyopangwa na sababu ya kuahirishwa. Mara nyingi wito haujamfikia mdaiwa, na hakuna anayemwambia mama kwamba yeye mwenyewe anaweza kusaidia kuonyesha mdaiwa anakaa wapi. Kisha awaone wasaidizi wa sheria wa shehia, au jumuiya ya wanasheria wanawake, ZAFELA, au Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar.

Mambo ya Nje ni kinyume chake. Hayo ni ya Muungano, kwa hiyo mwaka 2006 Migiro alikuwa waziri wenu kama alivyokuwa wa mtu wa Songea. Wakubwa watakumbuka Zanzibar ilipojiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu na kisha ikajitoa mwaka 1993: ugomvi ulikuwa juu ya orodha hiihii.

Na mwaka huo 2014 waziri huyo alikuwa na lake kubwa, Bunge Maalum la Katiba, ambalo makamu mwenyekiti wake alikuwa Samia Suluhu Hassan. Ili ibara ipite ilitakiwa theluthi mbili ya wajumbe wa Bara na theluthi mbili ya wajumbe wa Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake. Katiba Inayopendekezwa ilipita Oktoba 2014. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa, na haikupigwa.

Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa anafanya nini hasa? Au ni cheo cha kukaa picha?
*Msomaji wa Shangani*

Cheo kilianzishwa mwishoni mwa 1997. Wa kwanza alikuwa Louise Fréchette wa Canada, wa pili Mark Malloch Brown wa Uingereza, wa tatu Migiro. Naibu humsaidia Katibu Mkuu kuendesha sekretarieti, hushika nafasi yake akisafiri, na husukuma mbele kazi za uchumi na maendeleo. Ni kazi ya ndani, ya vikao na mafaili. Anayeitafuta kwenye picha ataona mtu amekaa kando ya Ban Ki-moon, Katibu Mkuu wa wakati huo, na kudhani hafanyi kitu.

La kutazama zaidi ni namna alivyofika huko. Tanzania ilikuwa mjumbe wa Baraza la Usalama miaka ya 2005 na 2006, na Januari 2006 ilikuwa zamu yake ya urais wa mwezi mmoja. Migiro aliteuliwa Waziri wa Mambo ya Nje mwanzoni mwa mwezi uleule. Tarehe 27, hata mwezi haujatimia kazini, alikuwa New York anaongoza kikao cha Baraza juu ya nchi za Maziwa Makuu, na siku hiyo likapitishwa azimio namba 1653. Anayeongoza kikao kile hahutubii tu. Anatoa nafasi za kuzungumza kwa mpangilio, anazuia mjumbe asitoke nje ya mada, anasoma matokeo ya kura kwa maneno yaliyokwisha kuwekwa, na neno moja likikosewa hurudi kusahihishwa mbele ya dunia. Mwaka huohuo aliongoza vikao vya mawaziri vilivyozaa mkataba wa nchi za Maziwa Makuu uliosainiwa Nairobi Desemba 2006. Mwezi uliofuata Ban alimtangaza, na wizara ikaenda kwa Bernard Membe.

Ni kweli kuna Mzanzibari aliyemshinda Migiro kwenye kinyang'anyiro cha urais? Na bibi yangu anasema alipiga kura kabla ya Mapinduzi. Inawezekana, au anachanganya?
*Barua mbili, Kiembesamaki na Ng'ambo*

Ndiyo, ni Amina Salum Ali, aliyewahi kuwa Waziri wa Fedha wa Zanzibar na balozi wa Umoja wa Afrika Washington. Julai 2015, Dodoma, CCM ilipotafuta mgombea wa urais, yeye na Migiro walikuwa kati ya watano waliofika Halmashauri Kuu, kisha kati ya watatu waliopelekwa Mkutano Mkuu. Kura zilikuwa hivi: John Magufuli 2,104, Amina Salum Ali 253, Migiro 59. Watu huzikumbuka zile 2,104 tu. Sisi tunaona cha kuandika ni kwamba wawili kati ya watatu wa mwisho walikuwa wanawake, na aliyekuwa na wasifu wa kimataifa mrefu kuliko wote ndiye aliyepata kura chache kuliko wote. Ukumbi ule haukupigia kura New York.

Bibi hachanganyi. Uchaguzi wa 1957 ulikuwa wa wanaume peke yao. Wanawake wa Unguja na Pemba walipiga kura kwa mara ya kwanza Januari 1961, na matokeo yakagota: ASP (Afro-Shirazi) viti 10, ZNP (Hizbu) 9, ZPPP (Chama cha Watu wa Zanzibar na Pemba) 3, jumla 22. Kikaongezwa kiti cha 23 na uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka huohuo, ukafuatwa na machafuko. Kisha ukaja wa Julai 1963. Muulize alipanga foleni ya Januari au ya Juni, na mwandikie majibu yake leo.